Ujira wa Mtu Mzima

Mwanvua binti Mussagy alizaa watoto watatu, na watu wote wa Olumbi walimwita kwa jina la yule aliyekufa. Ndiyo desturi ya pwani ile. Mwanamke akishajifungua kifungua mimba wake, jina alilopewa utotoni huwekwa kando, na hata mtoto akizikwa, mama hubaki akiitwa kwa jina lake mpaka naye aende. Abibo alikufa kwa homa mwaka 1952, hajatimiza hata miaka miwili. Miaka kumi na sita baadaye wauza samaki walikuwa bado wakimwita mama yake kutoka uchochoroni, "Mama Abibo, leo kuna changu!" Naye aliitika bila kuumia, kwa kuwa kidonda kile kilikuwa kimekwisha funga zamani.

Mumewe, Ussene, alikuwa mpishi wa forodha kule Palma, mtu wa majivuno kidogo. Alipopata mtoto wa kiume alikwenda ofisini kumwandikisha kama walivyofanya Wareno, akarudi na cheti cha kuzaliwa chenye mhuri, kile kinachoitwa cédula, akakipitisha nyumba hadi nyumba watu wakione. Miaka minne baadaye alipozaliwa Shaweji alifanya vilevile. Lakini kifo cha Abibo hakukiandikisha, na nani angemlaumu? Mtoto alikata roho asubuhi, akazikwa adhuhuri. Baba gani angetembea mpaka ofisini na mchanga wa kaburi bado mikononi, kumwarifu mzungu kwamba nyumbani amepungua mtu mmoja, mfupi, asiyelipa kodi? Vyeti viwili vikakaa pamoja ndani ya mkebe wa majani ya chai. Kisha akazaliwa Mwanawetu, msichana, ambaye hakuandikishwa kokote. Mwaka mmoja baadaye Ussene akavuka mto Ruvuma kwenda kukata mkonge upande wa Mikindani. Zilikuja barua mbili, kisha kimya.

Mwanvua akalea mwenyewe. Alikuwa na shamba la mihogo na mikorosho michache, na kwa miaka kadhaa hakumwomba mtu hata chumvi. Vita ndivyo vilivyomvunja. Vilipoanza bara, mwaka 1964, watu wa pwani walivisikia kwa mbali. Baadaye askari wa Kireno, ambao kila mtu aliwaita tropa, walikuja na malori wakawakusanya watu wa vitongoji vyote ndani ya kijiji kimoja kilichozungushiwa senyenge, ili wasiwape wapiganaji wa uhuru chakula. Kutoka mpaka king'ora kilie, kurudi kabla ya alasiri, na atakayeonekana nje baada ya hapo anapigwa risasi bila kuulizwa. Shamba la Mwanvua lilikuwa mwendo wa saa tatu. Mwaka wa kwanza nguruwe walikula mihogo yote, na mwaka wa pili hakwenda tena kuangalia.

Kilichobaki ni minazi ya Bwana Teles, mlowezi wa Kireno. Shamba lake lilianza pale senyenge ilipoishia, na wenye njaa wote waliishia huko kufua nazi za kukausha mbata. Mlangoni pa ofisi yake ilipigiliwa karatasi ya serikali ya kima cha chini cha ujira, na karani aliwasomea wasiojua kusoma. Mwanamume wa miaka kumi na minane na kuendelea, eskudo kumi na mbili kwa siku. Mwanamke, nane. Kijana wa miaka kumi na minne hadi kumi na saba, sita. Aliye chini ya hapo, nne. Wakubwa waliisifu sana karatasi ile. Walisema sasa hakuna kazi ya kulazimishwa, na hakuna atakayelipwa chini ya kiwango. Kweli, hakuna aliyelipwa chini yake. Na katika miaka yote ile hakuna aliyelipwa juu yake hata senti moja.

Jambo ambalo karatasi haikulisema ni idadi ya nazi. Nazi zilikuwa mia sita kwa siku kwa kila mtu, mwenye ndevu na asiye na ndevu. Unasimama mbele ya kifuo, ule mtaimbo wa chuma uliochimbiwa ardhini ncha juu, unaichoma nazi, unaipindua, unalivua kumbi, unachukua nyingine, mpaka viganja vinachubuka. Asiyefikisha mia sita siku hiyo haihesabiwi. Kwa hiyo mzee Husseni, ambaye kifua kilikuwa kimemwishia, alilipwa kumi na mbili kwa nazi alizomaliziwa na vijana waliolipwa sita. Vijana hawakumchukia mzee. Walimchukia aliyepigilia karatasi.

Shaweji alianza kufua nazi Januari ya 1968, na mwaka ule alikuwa anatimiza kumi na nne. Alikuwa amerefuka upesi, na mabega yalikuwa yameshapanuka. Jandoni aliingizwa mapema, pamoja na wavulana waliomzidi miaka mitatu na minne, kwa sababu wazee waliogopa kwamba vita vitawatawanya na jando jingine halitapatikana. Alipotoka, watu walimhesabu na rika lile. Alikaa barazani na wanaume, alibeba jeneza, aliulizwa rai yake. Siku ile mama yake alipompeleka kuandikishwa kazi, haikumpitia akilini kwamba mtu huyo ataandikwa mtoto.

Mezani alikaa karani, Cândido, Mmakonde kutoka bara, aliyesomeshwa na mapadri. Kijana mpole, shati jeupe, kalamu sikioni.

"Menor," akasema, bila kuinua kichwa. "Mdogo. Sita."

"Mdogo wa wapi, Bwana Cândido? Huyu ametoka jandoni mwaka wa tatu sasa. Jana kwenye majaribio kafua nazi mia saba, nnakuapia."

"Mama, jando halina mhuri. Mimi pia nilitiwa jandoni, na hapana mzungu aliyeniandika popote. Nipe cédula."

Mwanvua akafungua mkebe. Vyeti viwili vilikuwa vimeshikana kwa unyevu, akawa anavibandua taratibu, huku akipiga hesabu kichwani: nane zake na sita za mwanawe, kumi na nne, na unga wa kantini ulikuwa umepanda tena, na Mwanawetu nyumbani alikuwa amevimba miguu kwa kula maembe mabichi matupu. Cândido alisubiri. Kisha akauliza, kwa wema tu, kama mtu anayetaka kusaidia:

"Wewe si ndiye Mama Abibo? Wote wanakuita hivyo. Basi huyo Abibo mkubwa yuko wapi, mbona humleti? Au ndiye huyu?"

"Ndiye huyu," Mwanvua akasema.

Akampa cheti cha 1950. Ulimi ulikuwa umekwenda mbele ya akili, na akili ilipofika haikutaka kurudi nyuma. Cândido alikitazama cheti, akamtazama kijana, kidevu chake kisicho na unywele hata mmoja, akakitazama cheti tena. Akachovya kalamu, akaandika: Abibo Ussene, miaka kumi na minane, eskudo kumi na mbili. Kama alijua, hakusema siku ile wala siku nyingine.

Njiani Shaweji alisimama. "Mama, mimi si Abibo."

"Nnajua. Ni huko kazini tu. Nyumbani wewe Shaweji wangu."

"Na mwenyewe Abibo je? Hatachukia?"

"Mwenyewe ni mtoto wa peponi, anachukia nini? Amempa mdogo wake nguo isiyomtosha, basi. Twende."

Alisema kwa kicheko, na kicheko hakikumtoka vizuri. Kesho yake, pale penye vifuo, ilimbidi amwite mwanawe aje anywe maji, msimamizi akiwa amesimama karibu. Alifungua kinywa, akaita, "Abibo!" Mwili ukamsisimka wote. Tangu siku ya mazishi hakuwa amelitamka jina lile kwa kumwita mtu. Kuitwa Mama Abibo alikuwa amezoea. Lakini kumwita Abibo, na Abibo akageuka, akaja na tabasamu, akanywa maji! Aliona vibaya sana, akajiambia kwamba atazoea, na kweli akazoea.

Sitaki kumwonea huruma kupita kiasi, kwa hiyo niseme pia kwamba miaka ile miwili walikula. Eskudo ishirini kwa siku zilileta unga, mafuta ya taa, hata kanga mbili za Mwanawetu, na miguu ya mtoto ikanywea. Alipovunja ungo, akaolewa kisiwani Vamizi na kijana wa kule, sherehe ndogo lakini ya heshima, pilau ikapikwa. Hayo yote yalitoka kwenye eskudo sita za ziada za marehemu. Mastura tu, jirani yake na mwenzake wa kazi, ndiye aliyemwambia ukweli siku moja walipokuwa wakikusanya makumbi.

"Mwenzangu, umri si kofia. Ukimvalisha mtu, hauvuki kirahisi."

"Wewe una wanaume wawili wakubwa ndani. Ungenishauri nini mimi, nife?"

Mastura akainama kuokota kumbi jingine.

Mwaka 1970 vita vilipamba moto. Ndege zilipita kila siku kwenda bara, na malori yaliyokwenda yamejaa yalirudi nusu. Hapo Wareno wakakumbuka kwamba wana watu weusi wengi waliokwisha kuandikwa vizuri katika madaftari, umri na jina. Majina ya waliotakiwa kuingia tropa yakabandikwa kwenye mlango uleule wa Bwana Teles, kwa sababu walichukua vijana wa miaka ishirini moja kwa moja kutoka orodha ya ujira. Abibo Ussene alikuwa wa nne.

Mwanvua hakulia. Alikwenda moja kwa moja kwa Cândido, akamkuta peke yake ofisini, akafunga mlango kwa mgongo wake.

"Bwana Cândido, mwanangu ana miaka kumi na sita. Abibo nilimzika. Huyu ni Shaweji, cheti chake hiki hapa. Nilisema uwongo, nipigeni mimi. Zile sita sita zikateni kwangu mpaka nife. Mwandike mdogo."

Cândido aliinuka, akachungulia dirishani, akakaa tena.

"Sikiliza, mama. Nikilipeleka hili kwa mzungu, ataniuliza: huyo Abibo wa kweli alikufa lini, na cheti cha kifo kiko wapi? Unacho?"

"Alikuwa mchanga. Watu wote walimzika. Waulizeni."

"Hawaulizi watu, wanauliza karatasi. Katika karatasi Abibo yu hai, ana miaka ishirini, na hayupo hapa. Unajua kijana wa miaka ishirini asiyekuwepo yuko wapi, kwa akili zao? Yuko ng'ambo, kwa wapiganaji. Na baba yake yuko wapi?"

Mwanvua akakikunja cheti cha Shaweji.

"Umeona? Baba kavuka, mkubwa kavuka, mama anamficha nyuma ya mdogo. Watakuja wale wa polisi ya siri. Watakuchukua wewe, na Shaweji, na mimi niliyeandika." Aliliacha lile la mwisho litoke, kwa kuwa hakuwa mtu wa kujificha. "Tropa wengine wanarudi, mama. Kutoka kwa wale wa polisi ya siri harudi mtu."

Mwanvua alirudi nyumbani akamwambia mwanawe yote. Alitaka amwambie akimbie, mto Ruvuma si mbali, na wengi walikimbia. Shaweji alikuwa akinoa panga kwenye jiwe, hakuacha.

"Nikikimbia watakushika wewe. Si tuliona walivyomfanya mama yake Feliciano, Feliciano alipokimbia? Nyamaza, mama. Ni mwaka mmoja, miwili. Nimekwisha kuwa Abibo muda wote huu, nitamalizia."

Asubuhi waliyochukuliwa, akina mama walisimama kandokando ya lori wakiwaita watoto wao, kila mmoja na jina lake, kelele tupu. Sajini alisoma orodha. "Abibo Ussene!" Shaweji akaitika, "Presente!" akapanda. Lori lilipoanza kutembea alimtafuta mama yake kwa macho. Mwanvua alitaka kumwita Shaweji, jina lile alilompa mwenyewe, na sajini alikuwa hatua tano kutoka pale alipo. Akaita, "Abibo! Abibo!" Kijana akainua mkono. Miaka ya baadaye mwanamke huyu aliniambia zaidi ya mara moja kwamba vipigo vyote alivyopata maishani vilikuwa vyepesi kuliko kuita jina lile siku ile.

Shaweji akafa mwaka uliofuata, barabara ya kwenda Mueda, lori lilipokanyaga bomu lililofukiwa. Maiti haikuletwa. Ilikuja karatasi, na aliyeisoma alikuwa sipai Dauto, askari mweusi wa ofisi ya utawala, amesimama kizingitini na kofia mkononi. Abibo Ussene, miaka ishirini na mmoja, amefariki. Mwanvua akamwuliza kama wanaweza kuandika kumi na saba. Dauto hakuelewa, akafikiri ni uchungu unaomsemesha.

Walimswalia maiti aliye mbali, msikitini, baada ya adhuhuri. Mwalimu akatuma mtoto kuuliza jina la kuombea dua. Mwanvua akavua viatu, akaenda mwenyewe mpaka mlango wa nyuma, akamnong'oneza mwalimu: Shaweji bin Ussene. Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Waliokuwa safu ya mbele walilisikia jina, na hakuna hata mmoja aliyeuliza, kwa sababu kijiji kizima kilijua tangu mwanzo. Hiyo ndiyo dua pekee aliyosomewa kwa jina lake.

Ungedhani yameishia hapo. Lakini daftari la ofisi ya utawala lilikuwa na kurasa nyingine, na mwishoni mwa 1972 lilifika kwa kijana aliyezaliwa 1954, Shaweji Ussene, ambaye sasa ametimiza miaka kumi na minane. Anatakiwa kulipa kodi ya kichwa. Anatakiwa kuandikwa kazini kwa ujira kamili wa mtu mzima. Anatakiwa kujiandikisha kwa ajili ya tropa. Dauto akaja tena na karatasi, safari hii na kofia kichwani.

"Shaweji yuko wapi?"

Mwanvua alikaa kitako chini mlangoni. Akacheka, kicheko kibaya, mpaka Mastura akatoka nyumbani kwake kuja kumshika.

Wakampeleka ofisini. Mkuu wa ofisi, mzungu mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alikaa nyuma ya meza, na pembeni yake alikuwepo Cândido, aliyekuwa amehamishiwa huko kuwa mkalimani. Mzungu aliuliza, Cândido akatafsiri: mwanao wa pili, Shaweji, yuko wapi? Amekufa? Kama amekufa, cheti kiko wapi?

Cheti kilikuwa katika mkebe, tena kizuri, chenye mihuri mitatu, na jina lililoandikwa humo halikuwa la aliyekufa. Abibo, aliyezikwa kabla ya kuota meno yote, sasa alikuwa amekufa rasmi na kwa heshima za kijeshi. Shaweji, ambaye hana hata kaburi linalojulikana, alikuwa hai na anadaiwa kodi.

Cândido aliinamisha kichwa juu ya daftari kana kwamba anatafuta mstari, akasema upesi, kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili:

"Sema alikufa mdogo. Homa, akiwa na miaka miwili, ukasahau kuandikisha. Mimi nitaandika. Safari hii hawatauliza zaidi, maana umewapa tayari mwana mmoja wa tropa. Utatozwa faini ndogo ya kuchelewa, uende nyumbani. Nnakuomba, mama."

Ulikuwa ushauri mzuri. Alikuwa ameufikiria siku nzima, yule karani, ili alipe kidogo deni la ile kalamu yake. Na Mwanvua aliuelewa vizuri. Neno moja tu, na mstari utapigwa. Lakini mstari utapigwa juu ya nini? Juu ya mtoto wa miaka miwili, ambaye hakutoka jandoni, hakufua nazi mia saba kwa siku, hakumlisha mama yake na dada yake, hakupanda lori. Wote wawili wangekuwa wameondoka, na huyu wa pili angeandikwa kwamba hakuishi hata kidogo, na aliyeandikisha hivyo angekuwa mama yake. Alikuwa amekwisha mwua mara moja kwa kinywa chake, pale mezani, kwa neno lile la "ndiye huyu". Hivyo ndivyo alivyoliona yeye, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo.

"Amevuka," akasema.

"Mama!"

"Mwambie mzungu. Shaweji hajafa. Amevuka mto, yuko ng'ambo, mzima."

Cândido hakutafsiri. Lakini Dauto alikuwa mlangoni, naye alijua Kireno cha kutosha kumwambia mzungu, na mzungu alikuwa amekwisha inua kichwa kwa kusikia jina na kuona uso wa mkalimani wake. Akauliza kwa ukali. Cândido akatafsiri, neno kwa neno, kisha akaandika mbele ya jina la Shaweji Ussene: hai, hayupo, ametoroka. Mwanvua hakujua kusoma, akamwomba amwonyeshe pale palipoandikwa "hai". Cândido akaweka kidole. Akapatazama sana.

Walimfungia chumba cha nyuma cha ofisi, miezi mitano. Walimpiga miguuni na viganjani, maana walitaka jina la aliyemvusha na siku aliyovuka. Hayo hakuwa nayo, hakuweza kuwapa. Ila kila walipomtoa na kumwuliza mwanawe yuko wapi, aliwajibu bila kusita kwamba yuko ng'ambo, ni mzima wa afya, na ametimiza miaka kumi na minane.